Jaketi Lililozama kwenye Beseni

Asubuhi ile Fundi aliloweka jaketi la tatu kwenye beseni uani, akarudi ndani kwenye cherehani yake na kulisahau. Kitambaa chake kilikuwa kipya, cha rangi ya machungwa inayoumiza macho, na mshonaji anayejiheshimu hamkabidhi mteja kitambaa cha namna hiyo kabla hakijatoa rangi yake ya kwanza. Alishona kola za sare za shule mpaka jua likavuka dirisha. Aliponyanyuka kunyoosha mgongo ndipo alipolikumbuka.

Alitoka uani akakuta beseni limejaa maji ya rangi ya machungwa, na jaketi halipo.

Kwanza alimshuku jirani, mwanamke mwenye tabia ya kuazima vitu bila kuomba. Akainama, akatumbukiza mkono ili ayamwage maji. Vidole vyake vikagusa kitambaa. Jaketi lilikuwa humo humo, limelala chini ya beseni, limetulia kama kitu kilichokuwa pale siku zote. Alilivuta kwa mkono mmoja likamshinda. Akalivuta kwa miwili, likatoka likichuruzika, zito kama mtoto aliyelala.

Lilikuwa jaketi la kuelea. Kazi yake duniani ilikuwa moja tu.

Fundi alisimama pale na mzigo ule mikononi, maji yakimlowesha gauni mpaka miguuni. Kisha akawaza kuhusu jaketi la kwanza na la pili. Yote mawili yalikuwa ziwani tangu alfajiri, moja kifuani mwa mumewe, jingine kifuani mwa shemeji yake.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo, isipokuwa akiwa na homa, ndipo alipolikumbuka jina lake. Yeye mume aliitwa Mzito. Alikuwa mvuvi mwenye kifua cha mlango na sauti ya kuita watu ng'ambo, na alijua kuogelea kama alivyojua kusoma, kwa kubahatisha. Miaka yote ya ndoa yao Fundi alimsihi avae kitu cha kumwelesha akienda ziwani, na miaka yote alijibiwa kwa kicheko.

"Wewe mwanamke, umewahi kumwona samaki amevaa koti?"

"Samaki hana mke wa kumlilia."

"Kaka, vaa tu," shemeji mtu alikuwa akidakia, maana huyo mdomo wake haukuwa na likizo. "Ukizama wewe maji yatafurika, watu wa ng'ambo wahame bure."

Hatimaye alikubali kwa sharti moja. Angevaa endapo mkewe angemshonea jaketi mwenyewe, si yale mavazi makuukuu ya kivuko yanayonuka jasho la abiria. Labda alidhani mkewe hataweza. Fundi akapata jaketi moja la kale, lililochanika, kutoka kwa makanika wa kivuko. Akalifumua mshono kwa mshono, kama anavyofumua suti ya marehemu inayotakiwa kumtosha mwanawe. Ndani akakuta vipande vyeupe, vyepesi, vimeliwa kingo. Akachukua kimoja akaenda nacho kwa fundi wa masofa, mwisho wa mtaa.

"Hii ni sponji tu, dada," fundi wa masofa alimwambia, akikiminya kile kipande. "Yangu ya godoro hata ina hadhi kuliko hii. Bonyeza uone. Unasikia inavyokwenda?"

Fundi alibonyeza. Ilikwenda kweli. Akaipeleka nyumbani, akakata, akajaza, akashona. Na asije mtu akasema hakujaribu. Alilitia lile la kwanza kwenye ndoo, akalikandamiza kwa mikono yote miwili, likachomoka juu likamrushia maji usoni kama mtoto anayekataa kuoga. Alicheka peke yake pale uani. Akalitoa, akalianika. Jaribio lake lilidumu muda wa kicheko kile.

Sasa alichukua mkasi akalipasua lile jaketi la beseni, akatoa sponji, akaiminya. Maji yakamwagika kwa fujo. Akakitafuta kile kipande cha kale chini ya meza ya kukatia, akakitumbukiza majini, akakishikilia chini akihesabu pumzi zake hadi akachoka kuhesabu. Kilipotoka hakikuwa na uzito wowote. Maji yalikuwa yamekilowesha ngozi tu. Kile cha kale hakikuwa na njia ya kuyaingiza maji. Sponji ya godoro ilikuwa na matundu yanayopitiana kila upande. Ilielea mwanzoni kwa sababu ya hewa iliyokuwa ndani, kisha ikanywa, polepole, bila kelele, mpaka ikashiba.

Alimpigia mumewe. Akajibiwa na yule mwanamke wa kwenye simu, mwenye sauti ya mtu aliyekula vizuri, kwamba namba haipatikani. Akampigia shemeji. Yule yule mwanamke. Mzito na mdogo wake walikuwa wakizizima simu wakiwa kazini, wakazifunga kwenye mfuko wa plastiki, wakazisokomeza chini ya ubao wa mbele, mahali ambapo hata wao huzipata kwa shida.

Alipokuwa akitafuta viatu ndipo alipoyaona madumu.

Yalikuwa mawili, ya manjano, matupu, yameegemea ukuta nyuma ya mlango, kila moja na kipande cha kamba shingoni. Miaka yote yalikaa kwenye mtumbwi, yamefungwa chini ya benchi, na ndiyo yaliyokuwa tegemeo lao pekee ikitokea la kutokea. Juma lile Mzito aliyarudisha nyumbani. "Yanatubania nafasi ya samaki," alisema, akijipiga jaketi kifuani. "Sasa hivi sisi ni wanajeshi." Fundi mwenyewe ndiye aliyeyapanga pale ukutani. Tena alifurahi.

Aliyakamata yote mawili, akatoka mbio. Mtaani watu walimpisha. Nje palikuwa na ule mwanga wa shaba unaokuja kabla ya upepo, na mabati ya mapaa yalikuwa yameanza kugongana.

Mwaloni, pale mitumbwi inapopandishwa mchangani, wanaume walikuwa wakivuta vyombo vyao juu zaidi na kuvifunga. Walikuwa wakiharakisha, na hakuna aliyekuwa akitania. Mama Mafuta peke yake alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake cha petroli, akiifuta mashine ya boti yake kwa kitambaa kama mtu anayempangusa mtoto kamasi. Alikuwa mwanamke mnene, mjane, mwenye boti ndogo ya kukusanyia samaki kutoka kwa wavuvi walioko mbali, na jaketi la tatu lilikuwa lake.

"Fundi! Nilijua tu utaniletea leo. Mbona umekuja na madumu, nguo yangu iko wapi?"

"Imezama."

"Imezama wapi?"

"Kwenye beseni."

Mama Mafuta akaangua kicheko. Alicheka mpaka alipouona uso wa mwenzake, kikakatika katikati. "Na la Mzito je?"

"Sponji ile ile."

"Wameenda upande gani?"

"Nyuma ya miamba."

"Tangu lini Mzito anavua nyuma ya miamba? Huko si ndiko anakoogopa kama polisi?"

"Tangu nimshonee jaketi," Fundi alisema.

Mama Mafuta aliyatazama maji. Kule mbali, mstari kati ya ziwa na anga ulikuwa umefutika, na mbele yake palionekana utepe mweusi unaosogea. Alijifunga kitenge kiunoni mara ya pili. Akaingia kibandani, akatoka na jaketi moja la kiwandani, limepauka lakini vifungo vyake bado vizima.

"Vaa."

"Na wewe?"

"Mimi nitajifunga dumu. Dumu halina siri, ukilikaza mfuniko unajua linakupeleka wapi." Akavikagua vifuniko vyote viwili, akavikaza kwa kiganja mpaka vikalia. "Sikiliza, dada yangu. Kwenye boti yangu mimi ndiye mkubwa. Utakaa sakafuni, si kwenye benchi. Husimami hata ukimwona mumeo anakupungia. Ukisimama tutakuwa watu wawili wa kutafutwa badala ya kuwa watafutaji. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mnasikia huko?" Mama Mafuta akawapazia sauti wanaume. "Tumekwenda nyuma ya miamba, tunamfuata Mzito na mdogo wake. Kiza kikiingia hatujarudi, msije mkasema hamkuagana nasi!"

Mmoja akajibu kitu, upepo ukakichukua.

Walipotoka kwenye kinga ya ufuko, ziwa lilibadilika tabia. Mawimbi hayakuwa makubwa sana, ila yalikuwa mafupi, yamesongamana, kila moja likiikuta boti bado haijamalizana na lililotangulia. Mama Mafuta alikaa nyuma, mkono mmoja kwenye mpini wa mashine, kamba ya kuzimia imefungwa kwenye kifundo cha mkono ili akianguka mashine izimike na boti isimkimbie. Hakwenda moja kwa moja. Alikuwa akiyaingia mawimbi kwa ubavu wa mbele, akipunguza, akiongeza, midomo ikimcheza. Fundi hakujua kama ni dua au matusi.

Yeye alikaa sakafuni, miguu imekunjwa, akichota maji kwa kopo na kuyamwaga nje. Kila alipochota aliwaza jambo lile lile. Mumewe alikuwa mwoga wa maji, na uoga ule ndio uliokuwa ukimrudisha nyumbani. Alikuwa haendi mbali. Alikuwa hatoki upepo ukianza. Alikuwa akishikilia ukingo wa mtumbwi kama mtu anayeshikilia mkono wa mama yake sokoni. Sindano yake yeye Fundi ilikuwa imeushona uoga ule, imeufunga ndani, na juu yake ikaweka kitambaa kizuri.

"Angalia kulia!" Mama Mafuta alipiga kelele. "Mimi naangalia mawimbi, wewe angalia watu!"

Walizunguka miamba. Mawe yale meusi yalikuwa yakitoa povu kila upande. Nyuma yake maji yalikuwa wazi na ya kijivu, na katikati ya kijivu kile Fundi aliona kitu kirefu, cheusi, kinachong'aa, kikipanda na kushuka. Ulikuwa mtumbwi wao, tumbo juu. Na juu ya tumbo lile alikuwa amelala mtu, ameukumbatia kwa mikono na miguu.

Mmoja tu.

Alikuwa shemeji. Walipokaribia alinyanyua kichwa, midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

"Kaka yako yuko wapi?" Fundi alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza akasahau akataka kusimama. Mkono wa Mama Mafuta ukamrudisha chini kwa bega.

"Amefuata wavu! Nilimwambia tushike mtumbwi, tushike mtumbwi tu! Akasema wavu unakwenda, akasema yeye ana jaketi!" Akaelekeza kwa kidevu, maana mikono hakuthubutu kuiachia. "Kule! Kule!"

"Wewe kaa hapo hapo," Mama Mafuta alimwambia. "Umeshika kitu kinachoelea, usikiachie hata akikuita malaika. Tunarudi."

Fundi alimwona kabla ya mwenzake. Watu hudhani anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Mzito, mtu wa sauti ya kuita ng'ambo, alikuwa kimya kabisa. Kola ya rangi ya machungwa ilikuwa imemfika masikioni, uso wake umeangalia juu, mdomo ukifunguka na kufungika sawasawa na maji. Mikono yake ilikuwa imetandazwa, ikiyakandamiza maji kana kwamba anatafuta meza ya kuegemea. Wimbi lilimpitia juu. Akaibuka. Jingine likampitia, na safari hii alichelewa.

Mama Mafuta alipita upande unakotoka upepo, akageuza, akazima mashine. Ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Tupa dumu! Si kichwani kwake, mpitishie mbele!"

Fundi alitupa. Dumu lilipigwa na upepo likaangukia mbali. Akalivuta kwa kamba yake, akatupa tena, likateleza juu ya maji mpaka kwenye mkono wa mumewe, na mkono ule ukafumba juu ya kamba kama mtego. Walimvuta mpaka nyuma ya boti, pembeni ya mashine, mahali ambapo uzito wa mtu haupindui chombo.

Lakini hakupanda. Walimshika makwapani, wakavuta, akanyanyuka kiasi cha shingo na kurudi. Wakavuta tena. Fundi aliufahamu uzito wa mume wake, alishamvua viatu akiwa amelewa, alishambeba akiwa na homa, na huu haukuwa uzito wake. Ulikuwa wa mtu wa pili aliyemng'ang'ania kifuani.

"Mvue hilo godoro!" Mama Mafuta alisema kwa meno.

Vifundo vilikuwa vimelowa na kukaza, vidole havikuvifungua. Fundi akautoa mkasi mfukoni mwa aproni, aproni ambayo hakukumbuka kwamba ameivaa. Aliuingiza begani. Alijua hasa pa kukata. Pale alikuwa amepitisha uzi mara tatu, kwa upendo, na sasa aliulaani kila mstari.

Mzito alifumbua macho. Akaona mkasi. Akaelewa, au alidhani ameelewa, akaachia dumu kwa mkono mmoja akalikumbatia jaketi.

"Usinivue! Fundi, usinivue, nitazama!"

"Baba watoto, liachie."

"Ndilo linanishika!"

"Linakuvuta! Liachie, nakuomba, liachie!"

Hakuliachia. Alimtazama mkewe kwa macho ambayo Fundi hakupata kuyasahau baadaye, macho ya mtu anayeporwa. Wimbi likapita juu yao wote, na lilipopita Fundi hakuomba tena. Alimpiga mumewe kofi la uso, mkono ukalegea kwa mshangao, na katika ulegevu ule alikata bega la kushoto, akakata la kulia, akakata ubavuni kutoka juu mpaka chini. Jaketi likafunguka likamtoka. Halikuelea hata kidogo. Lilikwenda chini chali, rangi ya machungwa, kisha ya kutu, kisha hakuna.

Walipovuta tena, Mzito alikuja.

Shemeji walimchukua wakati wa kurudi. Alipanda akalivua lake mwenyewe bila kuambiwa, akalikamua pale sakafuni. Maji yalitoka mengi, hayakwisha upesi. Akayatazama, akamtazama shemeji yake, meno yakigongana. "Kumbe. Mimi nikadhani ni woga ndio unanilemea."

Mzito alikuwa amelaza kichwa mapajani kwa mkewe. Alitapika maji, akalala, akatapika tena. Mwalo ulipoonekana, watu wamejaa mchangani, alikuwa ameshapata sauti kidogo, na aliitumia yote. Waliposhushwa alikaa mchangani katikati ya watu akaanza kueleza, akitweta. Kwamba mtumbwi ulipopinduka yeye hakubabaika. Kwamba alielea kwa muda, akaona watu na boti wanakuja. Kwamba bila nguo ile ya mke wake, wangemkuta amekwisha.

"Jaketi lenyewe liko wapi?" mtu mmoja aliuliza.

"Limebaki huko. Limefanya kazi yake."

"Fundi, mimi nishonee mawili," alisema mwingine. "La kwangu na la mwanangu."

Mama Mafuta alikuwa akiifunga boti yake. Hakugeuka. "Mimi sitasema kitu," alimnong'oneza Fundi aliposimama karibu. "Hilo ni lako."

Fundi aliwatazama watu wale. Aliwashonea nusu yao nguo wanazotoka nazo. Akamtazama mumewe aliyekuwa akitabasamu kwa uchovu, akimsifia mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa nzima.

"Halikukuokoa," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Jamani, halikumwokoa. Nililijaza sponji ya godoro. Inaelea kidogo tu, halafu inakunywa maji. Lilikuwa linamzamisha. Mimi ndiye niliyelishona. Msiniagize, na mwenye la namna hiyo alipasue leo."

Upepo ulikuwa ukipigapiga ncha za maturubai. Tabasamu lilibaki usoni kwa Mzito kwa muda, halina mwenyewe, kisha likaondoka.

"Ulijua?"

"Nimejua leo mchana."

"Ndipo ukaja."

"Ndipo nikaja."

Aliinamisha kichwa, akachota mchanga, akauachia upite kati ya vidole.

Wapo walioacha kumpelekea hata sare za watoto. Wakapita mbele ya dirisha lake na vitambaa vimekunjwa kwapani, wakienda mtaa wa pili, na yeye akawaona na hakuwalaumu. Kwa mafundi wa boti, ng'ambo, alipata kujua lile povu gumu lisilonywa, akaona linavyokatwa, akaulizia kila kitu mpaka wakamchoka. Alianza upya. Jaketi likikamilika analitia kwenye pipa uani, analikandamiza kwa jiwe, linashinda humo na kulala humo. Kesho yake anaondoa jiwe. Linalochelewa kupanda analipasua bila kulisikitikia.

Yanayopanda huyapeleka ziwani, moja baada ya jingine, amelivaa mwenyewe. Yeye hajui kuogelea hata kwa kubahatisha. Huingia hadi magotini, hadi kiunoni, kiunoni amefungwa kamba, na mwisho wa kamba ile kasimama Mzito mchangani, mtumbwi wake ulioopolewa ukiwa nyuma yake, haujaingia majini. Mara ya kwanza alimwuliza, "Hili nalo umelijaza nini ndani?" Siku hizi haulizi. Anazungusha kamba kwenye mkono, anaikaza, anamkazia macho.

Maji yanamfika Fundi kifuani, yanamfika kwenye kola. Chini bado kuna mchanga, anausikia kwa vidole vya miguu. Anageuka amtazame mumewe, anavuta pumzi, na ananyanyua miguu.